Ibn al-Yasamin wa Fas na Beti Zake za Hesabu

Mtoto wa Kiislamu aliyekaa chuoni Busia au Tororo, akaihitimu Kurani na kisha akasogezwa mbele katika elimu ya nahau, kitabu anachowekewa mikononi mapema ni Ajurumiya. Hukisoma, hukihifadhi, na pengine hukichoka, lakini ni nadra kuuliza ni nani aliyekitunga. Mtungaji wake ni Ibn Ajurrum, aliyezaliwa Fas katika nchi ya Maghribi mwaka 1273 na kufariki huko huko mwaka 1323. Naye hakuwa Mwarabu kwa nasaba. Alikuwa Mberberi wa kabila la Sanhaja, na neno hilo Ajurrum lenyewe ni la lugha ya Kiberberi. Hali kadhalika Imamu al-Jazuli, mwenye Dalail al-Khairat, aliyefariki mwaka 1465, alitoka miongoni mwa Waberberi wa Sus. Na yule msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akaandika aliyoyaona, kwao ni Tanja, na nasaba yake ni ya Waberberi wa Lawata. Basi Waberberi si wageni katika nyumba za Waislamu wa nchi hizi, ingawa jina lao halitajwi sana.

Khabari zinazoelezwa hapa ni za mtu wa taifa hilo hilo, aliyewatangulia wote hao watatu. Fani yake haikuwa nahau wala safari, bali ilikuwa hesabu, nayo aliitia katika beti ili watu waibebe vifuani mwao. Jina lake kamili ni Abu Muhammad Abdallah bin Muhammad bin Hajjaj, lakini ulimwengu wa elimu unamjua kwa jina moja tu, Ibn al-Yasamin.

Jina hilo halikutoka kwa baba. Yasamin ni mama yake, na maana yake ni ua lile lile ambalo Waswahili huliita yasmini, wanalolitunga mabibi wa pwani katika vikuba vyao. Baba alikuwa wa kabila la Kiberberi lililokaa pembezoni mwa Fas. Mama alikuwa mwanamke mweusi, na mwana akatoka mweusi kama mamaye. Waandishi wa tarikh walilitaja jambo hilo wazi. Katika zama zile, kama katika zama nyingi, mtu alihesabiwa kwa baba na babu zake, na mwenye kuitwa kwa jina la mama mara nyingi aliitwa hivyo kwa kusimangwa. Katika vijiji vya mpaka huu wa Uganda na Kenya pia wapo watu walioitwa wana wa mama fulani, na kila mmoja wao anajua neno hilo lilivyotamkwa, kwa mapenzi au kwa kejeli. Ibn al-Yasamin alilichukua jina hilo mpaka likawa jina la kitabu chake, na kitabu hicho kikasomwa Misri na Makka.

Ili msomaji aufahamu upeo wa mtu huyu, yafaa kwanza aijue dola aliyoishi ndani yake. Waberberi ndio wenyeji wa Afrika ya Kaskazini tangu kabla ya Uislamu. Wenyewe hujiita Imazighen, na lugha yao huiita Tamazight. Mwanzoni mwa karne ya 12 alitokea katika milima ya Atlas mtu wa kabila la Masmuda, aitwaye Ibn Tumart, akawahubiria watu wake tauhidi kwa lugha yao. Wafuasi wake wakaitwa al-Muwahhidun. Alipofariki, Abd al-Mumin akashika uongozi, na mwaka 1147 akautwaa mji wa Marrakesh. Haukupita muda mrefu dola yao ikaenea Maghribi yote pamoja na nchi ya Andalusi ng'ambo ya bahari, ambayo leo ni Hispania na Ureno.

Katika dola hiyo Kiberberi hakikuwa lugha ya jikoni na malishoni tu. Al-Muwahhidun walipoingia Fas, khatibu wa msikiti mkuu wa Qarawiyyin aliondolewa kwa sababu hakukijua Kiberberi, akawekwa mwingine aliyekijua. Waislamu wa Busia na Tororo, ambao wamezoea kusikia mawaidha ya Ijumaa yakifasiriwa kwa Kisamia, Kiteso, Kijopadhola, Kiganda au Kiswahili, hawatalistaajabia jambo hilo. Kiarabu kilibaki lugha ya Kurani na ya vitabu, na Kiberberi kikawa lugha ya kuwafahamisha watu. Ibn al-Yasamin alikulia baina ya lugha hizo mbili, katika mji ambao chuo chake cha Qarawiyyin kilikuwa kimekwisha kupata zaidi ya miaka 300.

Masomo yake yalikuwa Fas, kisha Ishbiliya, mji unaoitwa leo Sevilla. Huo ndio uliokuwa makao ya al-Muwahhidun katika Andalusi, nao siku hizo ulikuwa katika utukufu wake. Mnara wa msikiti wake mkuu ulianza kujengwa mwaka 1184 na ukamalizika mwaka 1198. Ungali umesimama mpaka leo, ingawa umekuwa mnara wa kengele za kanisa. Ibn Rushd, mwanafalsafa na tabibu, alipata kuwa kadhi katika mji huo. Kijana mweusi kutoka Fas aliingia katika mji wa namna hiyo, akasoma sharia, adabu na hesabu, naye akawa mwalimu wa watu. Karibu na mwaka 1190 alikuwa akisomesha Ishbiliya utungo wake mwenyewe wa elimu ya al-jabr, na wanafunzi wakiupokea kutoka kinywani mwake.

Utungo huo unaitwa al-Urjuza al-Yasaminiyya. Beti zake hazizidi sana 50, na bahari yake ni rajaz, ambayo ni nyepesi kwa ulimi na ndiyo waliyoichagua walimu wengi wa Kiislamu kwa kutungia elimu. Alfiya ya Ibn Malik, yenye beti 1,000 za nahau, ni ya bahari hiyo hiyo. Mtu wa leo aweza kushangaa kusikia hesabu ikiimbwa, lakini mzee aliyelelewa katika mila ya Kiswahili hatashangaa hata kidogo. Karatasi ilikuwa ghali, vitabu vilinakiliwa kwa mkono, na mwanafunzi aliyesafiri kutoka mji hadi mji hakuweza kubeba sanduku la vitabu mgongoni. Kilicho katika beti hakiibiwi njiani wala hakiliwi na mchwa. Ndiyo sababu wazee wa Pwani nao waliitia katika tenzi sira ya Mtume (S.A.W.), adabu za ndoa na khabari za vita, na wanawake wasiojua kuandika wakazihifadhi kuliko wanaume wenye kalamu.

Ndani ya beti hizo mna nini? Mna msingi wote wa al-jabr kama ulivyojulikana tangu Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alipoandika kitabu chake Baghdad, katika zama za Khalifa al-Mamun, aliyetawala kuanzia 813 mpaka 833. Ibn al-Yasamin anaanza kwa kusema kwamba al-jabr imesimama juu ya vitu vitatu. Cha kwanza ni idadi, yaani hesabu inayojulikana. Cha pili ni jidhri, maana yake shina, yaani kitu kisichojulikana ambacho ndicho kinachotafutwa. Cha tatu ni mali, yaani shina lililozidishwa kwa nafsi yake. Neno mali hapo ni neno lile lile lililoingia katika Kiswahili kwa maana ya utajiri. Wenye hesabu walilichukua sokoni wakalipa kazi nyingine. Kutokana na vitu hivyo vitatu hupatikana namna sita za masuala. Tatu ni nyepesi: mali kulingana na mashina, mali kulingana na idadi, na mashina kulingana na idadi. Tatu ni za mchanganyiko: mali na mashina pamoja vikilingana na idadi, mali na idadi vikilingana na mashina, na mashina na idadi vikilingana na mali. Kila moja ina njia yake, na kila njia imewekewa beti zake.

Majina ya elimu yenyewe nayo yafaa kuelezwa, kwa sababu watoto wa sekondari huyatamka kila siku bila kuyajua. Al-jabr katika Kiarabu ni kuunga kilichovunjika, na mwenye kuunga mifupa kwa lugha hiyo huitwa mujabbir. Katika hesabu maana yake ni hii: upande mmoja ukiwa na upungufu, upungufu huo huondolewa kwa kuongeza, na upande wa pili ukaongezwa vivyo hivyo. Al-muqabala ni kukabilisha, yaani kuviweka vitu vya namna moja uso kwa uso katika pande mbili na kuondoa kilicho sawa. Mswahili akisema kwamba nyumba mbili zimejengwa mkabala, ametumia neno la Ibn al-Yasamin.

Tuseme mzee mmoja ana shamba dogo la mraba, pande zake zote sawa, lakini hajui urefu wa upande. Jirani akamwongezea kipande kilichoshikana na shamba hilo, urefu wake sawa na upande wa shamba na upana wake hatua 10. Vilipopimwa pamoja vikapatikana hatua za mraba 39. Upande wa shamba la kwanza ni hatua ngapi? Hesabu hii ni ya al-Khwarizmi mwenyewe, nayo ni ya namna ya nne: mali na mashina 10 vimelingana na 39. Njia yake ni kuchukua nusu ya mashina, nayo ni 5. Kuizidisha kwa nafsi yake, ikawa 25. Kuiongeza juu ya 39, ikawa 64. Kutafuta shina la 64, nalo ni 8. Kisha kuondoa ile nusu, yaani 5, zikabaki 3. Upande ni hatua 3. Na dalili yake ni kwamba 3 mara 3 ni 9, na 10 mara 3 ni 30, jumla 39.

Anayetaka kujua kwa nini iwe hivyo na akate kile kipande cha nyongeza mara mbili, kila nusu iwe na upana wa hatua 5, aziweke nusu hizo katika pande mbili za shamba. Ataona kwamba shamba limekaribia kuwa mraba mkubwa, ila pembeni pana pengo la hatua 5 kwa 5. Akilijaza pengo hilo kwa 25, mraba umetimia kwa 64, na upande wake ni 8. Mkulima wa Buhehe aweza kuyachora hayo kwa kijiti mchangani wala asihitaji ubao wa shule.

Lakini Waislamu wa kale hawakuipenda elimu hii kwa ajili ya michoro tu. Sehemu kubwa ya kitabu cha al-Khwarizmi imeandikwa kwa ajili ya wasia na mirathi, kwani Kurani imeyataja mafungu ya warithi kwa hesabu wazi: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Maneno hayo karibu yote yamo katika Kiswahili. Wazee wa Afrika ya Mashariki waliita senti 50 thumni, na wengi waliosema hivyo sokoni hawakukumbuka kwamba thumni ni sehemu ya 8, na kwamba ndiyo haki ya mjane aliyeachwa na mume mwenye watoto.

Na achukuliwe mtu aliyefariki akaacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na mtoto mmoja wa kike. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, zimebaki shilingi 72,000. Mke ana thumni na mama ana sudusi. Idadi ndogo iliyo na thumni na sudusi pamoja ni 24: thumni yake ni 3 na sudusi yake ni 4, zikabaki 17 kwa watoto wawili, mwanamume kwa mafungu mawili na mwanamke kwa fungu moja. Lakini 17 haigawanyiki kwa 3 bila kuvunjika. Basi 24 huzidishwa kwa 3, ikawa 72. Mke atapata 9, mama 12, mtoto wa kiume 34 na mtoto wa kike 17, na hakuna aliyedhulumiwa hata senti. Kwa shilingi zile, mke ana 9,000, mama 12,000, mwana 34,000 na binti 17,000. Kazi hiyo ya kuitafuta idadi itakayowatosha warithi wote bila kuvunjika ndiyo kazi ya sehemu na mahesabu, na ndiyo Ibn al-Yasamin aliyoishughulikia kwa urefu katika kitabu chake kikubwa. Mara ngapi katika vijiji vya mpaka huu ndugu wamefarakana juu ya shamba au ng'ombe wa marehemu, ikasemwa kwamba sharia ni ngumu, kumbe palikosekana mtu mmoja tu wa kuzidisha 24 kwa 3!

Kitabu hicho kikubwa kinaitwa Talqih al-Afkar. Talqih ni kazi ya mwenye mitende anapotia chavua ya mtende dume katika mtende jike ili uzae. Kwa hiyo jina hilo linasema juu ya kuzirutubisha fikra. Sehemu ya pili ya jina inataja kazi ya kuhesabu kwa alama za ghubari, na ghubari ni vumbi. Wenye kuhesabu wa Maghribi walikuwa na ubao ulionyunyizwa vumbi laini, wakiandika juu yake kwa kidole au kijiti, wakifuta na kuandika tena. Wazee waliosoma darasa la kwanza chini ya mwembe, wakaandika tarakimu zao kwa kidole ardhini kwa kuwa hapakuwa na daftari, wamesoma kwa njia hiyo hiyo.

Katika kitabu hicho Ibn al-Yasamin ameweka tarakimu za namna mbili. Kwanza ameonyesha zile tisa za ghubari, zilizotumika Maghribi na Andalusi. Kisha ameonyesha zile za Mashariki, zilizotumika Misri na Iraki. Za ghubari ndizo mama wa 1, 2, 3 zinazoandikwa leo katika shule, benki na vibandani duniani kote. Za Mashariki ndizo ١، ٢، ٣ zinazohesabu aya katika misahafu mingi. Mtoto wa Kiislamu wa Tororo anayekwenda shule asubuhi na chuoni jioni huandika namna zote mbili kwa siku moja, na pengine hudhani kwamba za asubuhi ni za Wazungu na za jioni ndizo za Waislamu. Namna zote mbili zimo katika kitabu kimoja kilichoandikwa na Mwislamu mweusi zaidi ya miaka 800 iliyopita.

Dhana hiyo haikuzuka bure, na haifai kuwalaumu wazee walioishika. Kwa miaka mingi ya utawala wa Waingereza, shule nyingi za Uganda na za magharibi ya Kenya zilikuwa mikononi mwa wamishionari, na mzazi wa Kiislamu alihofu kumpeleka mwanawe asije akamrudia na jina jingine na dini nyingine. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa: katika kizazi hicho Waislamu wengi walibaki nje ya kazi za ukarani, ualimu na utabibu, na hesabu ikahesabiwa pamoja na mambo ya kuogopwa. Hali imegeuka kwa taratibu. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifunguliwa Mbale, safari fupi kutoka Tororo, na huko sharia na hesabu husomwa katika uwanja mmoja, kama zilivyosomwa Fas.

Jambo jingine linalopatikana katika vitabu vya watu wa Maghribi wa karne hiyo ni ule mstari mdogo unaotenga sehemu, idadi moja juu na nyingine chini. Mwanachuoni al-Hassar aliutumia katika karne hiyo hiyo ya 12, na Ibn al-Yasamin naye akautumia. Kutoka Maghribi ulivuka bahari kwa njia ambayo watu wa Busia wataielewa upesi, yaani njia ya forodha. Katika mji wa Bijaya, bandari ya Waberberi iliyo leo katika Aljeria, palikuwa na forodha ya wafanyabiashara kutoka Pisa ya Italia. Karani mmoja wa forodha hiyo alimwita mwanawe aje kusoma hesabu za Waislamu. Mtoto huyo ni Leonardo wa Pisa, anayejulikana kwa jina la Fibonacci, na mwaka 1202 alitoa kitabu kilichowafundisha Wazungu tarakimu hizo na sehemu zenye mstari. Kila mji wa mpakani hupitisha mahindi, samaki na nguo, lakini hupitisha pia yale yasiyotozwa ushuru.

Ibn al-Yasamin alikuwa hai wakati kitabu cha Leonardo kilipotoka. Alikuwa amekwisha kuingia katika baraza ya khalifa wa al-Muwahhidun, Yaqub al-Mansur, aliyetawala kuanzia 1184 mpaka 1199, kisha akamtumikia mwanawe, an-Nasir. Yaqub alikuwa mpenda elimu na mjenzi mkubwa. Ndiye aliyeshinda vita vya al-Arak katika Andalusi mwaka 1195. Hata hivyo kukaa karibu na kiti cha enzi kuna hatari zake. Karibu na mwaka huo huo wa ushindi, Ibn Rushd, aliyekuwa ameheshimiwa na baba wa khalifa na kisha na khalifa mwenyewe, alishitakiwa na wapinzani wake. Vitabu vyake vya falsafa vikachomwa moto, naye akahamishiwa mji mdogo wa Lucena. Baadaye alisamehewa, akafariki Marrakesh mwaka 1198. Mtu wa hesabu aliyeyaona hayo alijua kwamba mezani kwa wakubwa hakuna fungu lililoandikwa.

Watu wa zama zake hawakumjua kwa hesabu peke yake. Alikuwa mtu wa sharia na mshairi, na muwashshahat zake, yaani nyimbo zenye vina vya kupishana walizozipenda watu wa Andalusi, zilimpatia sifa. Alitunga pia beti nyingine za hesabu, juu ya mashina yasiyokatika na juu ya njia ya kukisia mara mbili. Hiyo ya pili ni njia ambayo mfanyabiashara hukisia jawabu, akaona kosa lake, akakisia tena, akaona kosa la pili, kisha kwa makosa hayo mawili akaipata kweli. Utungo wa njia hiyo ni mfupi mno, beti chache ambazo mtoto aweza kuzihifadhi kati ya alasiri na magharibi.

Mwaka 1204 alikutwa ameuawa nyumbani kwake Marrakesh. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Dola aliyoitumikia haikukaa sana baada yake. Mwaka 1212 an-Nasir alishindwa vibaya na wafalme wa Kikristo katika vita vya al-Iqab. Ishbiliya ikachukuliwa mwaka 1248, na Marrakesh ikawaponyoka al-Muwahhidun mwaka 1269. Beti hazikuponyoka. Katika Marrakesh yenyewe hesabu iliendelezwa na Ibn al-Banna, aliyeishi kuanzia 1256 mpaka 1321, na vitabu vyake vikasomeshwa Maghribi kwa karne nyingi. Al-Qalasadi, mtu wa Andalusi aliyehama kwao wakati Waislamu walipokuwa wakielekea kuipoteza nchi hiyo na kufariki katika Tunisia mwaka 1486, aliiandikia Yasaminiyya sharh. Sibt al-Maridini, aliyekuwa mwenye kupanga nyakati za sala katika msikiti wa al-Azhar, naye aliiandikia.

Lakini sharh inayostahili kutajwa zaidi ni ya Ibn al-Haim. Alikuwa mzaliwa wa Misri, akafundisha hesabu na mirathi Baitul Muqaddas, na kufariki huko mwaka 1412. Mwaka 1387 alikuwa Makka, na hapo ndipo alipoifasiri Yasaminiyya, beti baada ya beti, akieleza namna zote sita kwa mifano. Miaka 183 ilikuwa imepita tangu mauti ya Marrakesh. Jina lililoandikwa katika kitabu hicho, katika mji ule mtukufu, lilikuwa la mama mweusi wa Fas.